Chura Akienda Ukweni, Nani Anacheka?

Chura anafunga safari kwenda kuwasalimu wakwe zake. Mtoto wa miaka 6 anacheka tangu picha ya kwanza, kwa sababu chura anayejiandaa kwenda ukweni anachekesha bila kuhitaji maelezo. Baba yake, aliyeketi nyuma yake, anachelewa kidogo. Yeye anawasubiri wakwe. Anajua jinsi mtu anavyokaa ukweni, mgongo umenyooka, akipima kila neno na kila tonge. Chura anapofika huko, kicheko cha baba kinatoka mbali kuliko cha mwanawe.

Hadithi hiyo ni ya Watetela wa Sankuru. Mwaka 1991 Jean-Michel Kibushi Ndjate Wooto, mzaliwa wa Lubefu, aliigeuza kuwa katuni fupi ya dakika 8 hivi, Le Crapaud chez ses beaux-parents. Wanaoandika historia ya sinema ya Kongo humtaja Kibushi kuwa Mkongo wa kwanza kuifanya kazi ya katuni kuwa kazi ya maisha yake, na filamu hiyo ndogo inaonyeshwa mpaka leo. Inawekwa katika fungu la filamu za watoto. Lakini nani alisema kwamba wakwe ni habari ya watoto?

Swali la kama mtu mzima anaweza kufurahia filamu ya watoto huulizwa sana katika nchi ambako kila mtu ana kioo chake: mtoto na tableti chumbani, mama na simu jikoni, baba na televisheni sebuleni. Huko mzazi akikaa kutazama katuni na mwanawe, amechagua kukaa. Kamina mambo ni tofauti. Mji huu, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015, ni njia panda ya reli. Njia moja inashuka Lubumbashi, nyingine inaelekea Kasai hadi Ilebo, na ya tatu inakwenda Kabalo na Ziwa Tanganyika. Watu wa kila upande wameshuka hapa na kukaa, kwa hiyo katika parseli moja, yaani ua mmoja wa nyumba, huweza kusikika Kiluba, Kiswahili, Tshiluba na Kifaransa cha shule. Umeme ni wa kubahatisha. Televisheni ya nyumba inategemea jenereta au paneli ya jua, na mafuta ni ghali. Inapowashwa jioni, katika komini ya Dimayi au ya Sobongo, hakuna saa ya watoto na saa ya wakubwa. Bibi, wajomba, wanafunzi, mtoto wa mgongoni na watoto wa jirani waliosikia mlio wa jenereta, wote wanatazama kilekile.

Kwa hiyo kwa watu wa Kamina, filamu inayowafaa watoto peke yao ni hasara, na inayowafaa wakubwa peke yao ni hasara pia. Wanahitaji filamu inayoweza kubeba parseli nzima. Filamu za namna hiyo zipo, tena nyingine zimetoka jirani kabisa. Kabla ya kuzifikia, inafaa kukumbuka kwamba Kongo ilipitia wakati ambapo mtu mzima alilazimishwa kutazama kama mtoto, na jambo hilo halina uhusiano wowote na furaha inayozungumzwa hapa.

Katika miaka ya 1930 na 1940 utawala wa Wabelgiji uliweka amri za kuwazuia Wakongo wasitazame filamu ambazo hazijapitishwa na wakaguzi. Mfanyakazi mwenye mke na watoto, anayelipa kodi, anayeendesha mashine au garimoshi, aliwekewa ulinzi ambao Ulaya ilikuwa ikiwawekea watoto wake. Wataalamu wa ukoloni walikuwa na nadharia zao: Mwafrika, walisema, hawezi kufuata picha zinazobadilika upesi, apewe hadithi nyepesi, kamera isiyohangaika, na funzo mwishoni. Waingereza waliamini hivyohivyo. Kati ya 1935 na 1937 walifanya jaribio lao la sinema ya mafunzo huko Vugiri, Tanganyika. Mwaka 1952 Mbelgiji Louis Van Bever alichapisha huko Brussels kijitabu kizima kuhusu sinema kwa ajili ya Waafrika.

Wamisionari ndio waliokuwa na bidii kuliko wote. Huko Léopoldville, kituo cha Kikatoliki cha sinema kilichoongozwa na Padri Alexandre Van den Heuvel kilitoa katika miaka ya 1950 mfululizo wa katuni za Mboloko, yule swala mdogo mwerevu wa hadithi za msituni. Huko Kasai, Padri Albert Van Haelst alimchukua mtu mnene na mtu mwembamba, akawaita Matamata na Pilipili, akapiga nao filamu fupi za vichekesho kwa mfano wa Laurel na Hardy. Nia ilikuwa kufundisha. Watazamaji walichukua kicheko, na funzo wakalifanya wanavyotaka. Mkurugenzi Tristan Bourlard aliporudi Kasai katika miaka ya 1990 kutengeneza filamu ya kumbukumbu kuhusu Matamata na Pilipili, majina hayo yalikuwa bado hai midomoni mwa watu.

Na nadharia ya kwamba Mkongo hawezi kufuata picha za mbio? Vijana wa Léopoldville waliijibu bila kuandika kitabu. Waliziona sinema za makauboi wa Marekani, wakazielewa barabara, wakavaa kama Buffalo Bill, wakabadili majina ya kartye zao na kujiita Bills. Mwanahistoria Didier Gondola amewaandikia kitabu kizima. Hakuna mtu aliyelazimika kuwapunguzia mwendo wa picha.

Historia hii inatoa kipimo cha kupimia filamu yoyote ya familia. Ipo filamu inayomshusha mkubwa hadi mahali inapodhani mtoto amekaa, ikisema polepole, ikirudia, ikifundisha kwa kidole. Na ipo filamu inayomchukulia mtoto kuwa mtu kamili anayeweza kubeba jambo zito, na kwa sababu hiyo mkubwa naye anapata nafasi ya kukaa. Ya kwanza inachosha kila umri, hata watoto, ingawa watoto hawana maneno ya kulisema hilo. Wao huinuka tu na kwenda kucheza nje.

Wasimulizi wa zamani waliijua hii ya pili vizuri. William Burton, mmisionari Mwingereza aliyefika Mwanza, katika nchi ambayo leo ni Haut-Lomami, mwaka 1915, alikaa miaka mingi akisikiliza hadithi za Waluba na kuzikusanya. Mwaka 1961 zikatoka London katika kitabu The Magic Drum. Ni hadithi za kando ya moto. Mtoto anayesinzia anazisikia, na mzee mwenye kesi barazani anazisikia pia, kila mmoja akichukua lake. Kabundi, mnyama mdogo wa hadithi za Kiluba, anapomshinda mkubwa kwa hila, mtoto anaona ushindi wa mdogo. Mzee anamwona mtu fulani anayemjua kwa jina.

Mbali kidogo kaskazini-mashariki, kwa Wanyanga wa Walikale, msimulizi Candi Rureke alisimulia mwaka 1956 utenzi wa Mwindo, uliochapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene. Mwindo anazaliwa akiwa tayari anatembea na kusema. Baba yake, chifu Shemwindo, alikwisha kutoa amri kwamba wake zake wazae mabinti tu, kwa hiyo anataka kumuua mwana huyo. Ni utenzi wenye mchezo na maajabu ambayo mtoto wa darasa la kwanza angeyafuata akiwa mdomo wazi, na ndani yake kuna baba anayemwogopa mwanawe. Hakuna mzee wa ukoo asiyejua hofu hiyo inatoka wapi.

Aliyewahi kuona Kirikou anamfahamu ndugu yake Mwindo papo hapo. Kirikou et la Sorcière, ya Mfaransa Michel Ocelot, ilitoka mwaka 1998. Ocelot alikulia Conakry, nchini Guinea. Hadithi ilitokana na ngano ya Afrika Magharibi, sauti zilirekodiwa na Wasenegali, na muziki ni wa Youssou N'Dour. Mtoto anaongea kutoka tumboni mwa mama yake na kuomba azaliwe. Mama anamjibu kwamba anayeongea tumboni anaweza kujizaa mwenyewe, na anafanya hivyo. Kisha anauliza kitu ambacho hakuna mtu mzima kijijini aliyefikiria kuuliza: kwa nini Karaba mchawi ni mbaya?

Katika nchi ambako mtoto hodari kupita kiasi, au mkaidi, au yatima, huweza kuitwa mchawi na kufukuzwa nyumbani, filamu inayohusu uchawi haipiti kama upepo. Maelfu ya watoto wa mitaani Kinshasa, Mbuji-Mayi na Lubumbashi walianzia hapo. Katika filamu hii mtoto hawindi mchawi. Anapanda mlimani kwa babu yake kutafuta sababu. Babu anamweleza kwamba Karaba ana mwiba wenye sumu mgongoni, uliochomwa na wanaume waliomshika kwa nguvu, na kwamba unamuuma usiku na mchana. Kirikou anauchomoa kwa meno yake. Karaba anapiga yowe kubwa sana, halafu anatulia.

Mtoto anaona mwiba. Mama aliyeketi kwenye mkeka, katika Kongo hii ambako Daktari Denis Mukwege alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018 kwa kuwatibu wanawake waliotendewa ukatili wa vita, anaona kitu kingine, na hakuna haja ya mtu kumweleza. Wachambuzi wengi wamelisoma tukio hilo kwa namna hiyo. Uzuri ni kwamba filamu haikumficha mtoto wala haikumtisha. Imempa kiasi anachoweza kubeba, na akirudi kuitazama akiwa na miaka 20 atakuta sehemu iliyobaki ikimngoja. Baadhi ya wasambazaji wa Ulaya na Marekani walisumbuliwa na jambo jingine, vifua wazi vya wanawake wa kijijini, wakataka wavishwe. Ocelot alikataa.

Kibushi naye hakuwahi kuamini kwamba katuni ni mahali pa kukimbilia ili ukweli usitufikie. Mwaka 1992 alitoa Septembre noir, kuhusu uporaji wa wanajeshi uliotikisa Kinshasa mnamo Septemba 1991, akitumia michoro ya watoto. Waliochora waliona kila kitu: askari, magunia, friji vichwani mwa watu. Wakubwa waliotazama michoro hiyo walijifunza jinsi watoto wao walivyoziona siku zile. Mwaka 1999 alirudi na Muana Mboka, kuhusu mtoto wa mitaani wa Kinshasa anayeishi kwa ujanja na siku moja anamwokoa waziri aliyepata ajali barabarani. Ni dakika chache tu za filamu, lakini ndani yake mna jiji zima, msongamano wake na wakubwa wake.

Hollywood ina sababu zake za kumjali mzazi. Mtoto hawezi kwenda sinema peke yake. Kila tiketi ya mtoto inavuta ya mkubwa, na mkubwa aliyechoshwa hatarudi. Studio kubwa zimejibu kwa njia mbili, na tofauti yake inaonekana vizuri kutoka Kamina. Njia ya kwanza ni kurusha mizaha juu ya vichwa vya watoto ili iwafikie wazazi. Shrek, iliyopata Oscar ya kwanza kabisa iliyotolewa kwa filamu ndefu ya katuni, imejaa mizaha ya kuzikejeli hekaya za Disney na sinema za Marekani. Ambaye hakukua na vitu hivyo anawaona watu wakicheka tu. Mizaha hiyo inasafiri vibaya. Ikifika kwenye parseli ya Sobongo, nusu yake imekwisha kuanguka njiani.

Njia ya pili inafika nzima. Up, ya mwaka 2009, ina dakika chache karibu na mwanzo zisizo na neno hata moja: kijana na msichana wanaoana, wanakarabati nyumba, wanatamani mtoto na hawapati, wanaweka akiba ya safari ambayo kila mara inaliwa na matengenezo ya gari au matibabu, wanazeeka, mke anafariki. Hapa hapahitajiki Kifaransa. Mtu yeyote aliyewahi kuvunja akiba ya ndoto yake ili alipe hospitali anazielewa dakika hizo, na watoto nao wanazielewa kwa namna yao: wananyamaza.

Coco, ya mwaka 2017, imewekwa Meksiko, lakini katika nchi ya Waluba inapata uzito wa pekee. Ndani yake wafu wanaendelea kuishi maadamu yupo aliye hai anayewakumbuka. Wa mwisho akisahau, wanafifia. Watoto wanafuata mbio za kijana Miguel kati ya mifupa inayopiga gitaa. Wakubwa wa Kamina wako mahali pengine. Huku mtoto hupewa jina la babu yake na jina hilo huja na heshima yake. Huku chama cha Mbudye kilitunza historia ya ufalme kwa lukasa, ubao mdogo wa shanga uliosomwa kwa vidole na mafundi wa kumbukumbu. Bibi anayetazama Coco huanza kutaja majina ya marehemu wa ukoo katikati ya filamu, na mtu akimwambia anyamaze anafanya kosa: bibi ndiye anayeifahamu filamu kuliko wote.

Hata hivyo hakuna filamu ya miaka ya karibuni inayolijibu swali la mtu mzima na filamu ya watoto kwa Kiswahili kama Supa Modo, ya Mkenya Likarion Wainaina, iliyoonyeshwa Berlin mwaka 2018, ambako waamuzi watoto waliipa sifa maalumu. Jo ni msichana wa miaka 9 mwenye ugonjwa usiopona. Mama anamtoa hospitali ili amalizie siku zake nyumbani. Dada yake hakubali kumwona akingoja tu. Anawaomba wanakijiji wote wajifanye kwamba Jo ana nguvu za ajabu, na wanakubali, wakubwa kwa wadogo. Lakini Jo si wa kudanganywa. Anachotaka ni kutengeneza filamu yake mwenyewe, na kijiji kizima kinaingia kazini.

Ni filamu ya watoto kuhusu kifo cha mtoto. Wapo watakaosema hiyo si habari ya kuwekwa mbele ya watoto. Lakini katika Haut-Lomami, ambako malaria na surua vinaingia nyumbani bila kubisha, watoto wanakijua kifo. Wamebeba viti kwenye matanga. Wanachokosa ni namna ya kulizungumza jambo hilo pamoja na wakubwa wao, na hapo filamu ya dakika 74 inaweza kufanya kazi ambayo wazazi wengi hawajui waianzie wapi. Mtu mzima anamwangalia mama wa Jo, akigombana na binti yake mkubwa juu ya lililo jema kwa mgonjwa, na anaona ugomvi alioushuhudia nyumbani kwake. Watoto wanamwangalia Jo akiruka.

Lugha inabaki kuwa kikwazo kikubwa. Filamu nyingi zinazofika Kamina kwa kadi ya memori au flashi zinasema Kifaransa. Mwanafunzi anafuata kiasi, bibi hafuati. Dar es Salaam walipata ufumbuzi zamani: Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, alisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti zake, na Kampala wasimulizi wa aina hiyo ni watu mashuhuri. Katika parseli za Kamina kazi hiyo hufanywa na yeyote aliyepo, mara nyingi mtoto wa sekondari, anayewageuzia wakubwa maneno huku picha zikipita. Hapo ngazi ya kawaida ya nyumbani inapinduka kwa saa moja na nusu: mtoto anaeleza, mzee anauliza. Ni moja ya furaha ambazo mtu mzima hazipati kwa filamu yake mwenyewe.

Pasipo na mfasiri, zipo filamu zisizosema. The Kid, ya Charlie Chaplin, Charlot kama anavyoitwa huku, ilitoka mwaka 1921 na haijachakaa. Mtoto anavunja vioo vya madirisha kwa mawe, kisha Charlot anapita na vioo mgongoni, fundi aliyetokea kwa bahati njema. Watoto wanaipenda hila hiyo. Wanapofika wale wa serikali kumchukua mtoto apelekwe katika nyumba ya yatima, na Charlot akakimbia juu ya mapaa kumfuata, wazazi ndio wanaosimama.

Katanga yenyewe iliwahi kuwa na kitu kilichokaribia sana kinachotafutwa hapa. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, lililoongozwa na Odilon Kyembe Kaswili, liliigiza kwa Kiswahili cha mjini, redioni na baadaye kwenye televisheni, na familia nzima zilikaa kutazama. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alifuatana nalo lilipotunga mchezo kuhusu mamlaka na ulaji wake. Watoto waliufurahia kwa sura na makelele, wazazi walijua nani anasemwa.

Kwa watoto hasa, Kiswahili kimeanza kupata katuni zake: Ubongo Kids imerushwa kutoka Dar es Salaam tangu 2014, na Akili and Me ikafuata kwa wadogo zaidi. Hizo zinafundisha hesabu na herufi, na zinafanya hivyo vizuri. Kinachokosekana ni hadithi yenyewe, kwa Kiswahili cha Katanga au kwa Kiluba, yenye Kabundi wake, wakwe zake na chifu wake. Kwamba hilo linawezekana, Kibushi alikwisha kuonyesha alipotengeneza Prince Loseno mwaka 2004 kwa vikaragosi. Hadithi alizozisikia Burton bado zinasimuliwa Kabongo na Malemba-Nkulu, lakini wanaozijua kwa ukamilifu ni wazee, na wengi wao hawajarekodiwa hata kwa simu.